Meno ya Mama Misumari

Kabla hujayasikia ya wifi yake, yasikie kwangu kwanza. Mama Misumari hana kinyongo na mtu, hana minyoo, na akili zake zimetimia kuliko za wengi wanaomsema. Anasaga meno akiwa usingizini, basi. Ni jambo la meno na taya. Lakini watu wazima, tena wenye heshima zao, walilichukua jambo hilo wakataka kuvunja nalo nyumba ya mtu, na mimi niliyeona tangu mwanzo sina sababu ya kunyamaza.

Nina duka la vitambaa vya makochi na mapazia, na ukuta wangu mmoja ndio ukuta wa karakana yake. Yeye ni fundi makochi. Ukiingia kwake utaona fremu za mbao zimeegemezwa huku na huku, kochi la mtu limepasuliwa tumbo, springi zimetoka nje, na vumbi la sponji limetua mpaka kwenye kope zake. Jina la Misumari alipewa sokoni kwa namna anavyofanya kazi. Anachota misumari midogo yenye vichwa bapa, anaitia mdomoni konzi nzima kama karanga, kisha anaitoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi, kichwa mbele. Nyundo yake ina sumaku. Inaunyakua msumari midomoni na kuupiga kwenye mbao kabla hujapepesa jicho. Wateja walikuwa wakija na makochi yao, wakakaa kumtazama, wakasahau walikuwa na safari nyingine.

Kazi alifundishwa na mjomba wake. Mjomba alimwambia kwamba fundi ana mikono miwili na yote ina shughuli, mmoja unavuta kitambaa na mwingine unapiga nyundo, sasa msumari ukae wapi kama si mdomoni? Akamwambia pia abane meno kisawasawa, misumari ikae kati ya meno na midomo, isije ikamshuka kooni. Binti akabana. Alibana tangu ujana wake mpaka amekuwa bibi wa wajukuu, kutoka asubuhi anapofungua karakana mpaka jioni anapofunga, na hakuna msumari hata mmoja uliowahi kumpita.

Mume wake tunamwita Tochi. Alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala moja kubwa, na kwa maisha yao yote ya ndoa watu hawa wawili walikuwa wanapokezana kitanda kama wafanyakazi wa zamu. Yeye akirudi asubuhi na tochi yake mkononi, mke ndiyo anajifunga kitambaa kichwani kwenda kazini. Mke akirudi jioni, mume ndiyo anavaa buti. Usiniulize watoto walipatikana vipi. Kulikuwa na likizo, na mchana nao una nafasi zake. Lakini usiku, ule usiku ambao watu hulala migongo ikigusana, hawakuwa nao.

Kwa hiyo magoti ya Tochi yalipochoka na ghala likampa mkono wa kwaheri, shoga yangu alikuja dukani akiwa anang'aa. Alinunua kitambaa laini cha shuka, sio kile cha bei poa, kile ninachokiweka juu.

"Shoga," akaniambia, "sasa na mimi nitalala na mume kama wanawake wengine."

Nilimpimia na kuzidisha kidogo. Nilikuwa na furaha kama harusi ni yangu.

Haikupita wiki. Tochi, mtu aliyezoea kukesha, alikuwa amelala nusu usingizi aliposikia kitu: krrr, krrr. Chuma kinakatwa. Mlinzi ni mlinzi tu. Akili yake ilikwenda moja kwa moja kwenye nondo za dirisha. Mwizi ana msumeno! Akashuka kitandani bila kelele, akachukua rungu na tochi, akatoka na fulana yake ya ndani, akazunguka nyumba. Alimulika madirisha yote, alimulika paa, alimmulika mbwa wa jirani ambaye naye alimshangaa. Hakuna mtu. Akarudi ndani, akakaa ukingoni mwa kitanda, na pale pale, karibu na sikio lake, msumeno ukaanza tena. Akammulika mke wake. Taya lilikuwa linakwenda.

Hayo alinisimulia yeye mwenyewe baadaye, huku akicheka. Wakati ule hakucheka. Hakumwambia mke wake neno. Alichukua mto akahamia kwenye kochi la sebuleni, na asubuhi akasema ni joto. Usiku wa pili ni joto, wa tatu ni mgongo. Mwishowe badala ya kumuuliza mwenye meno, akaenda kumuuliza dada yake.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana wifi yule mdomo wake haujui kufunga. "Kaka yangu," akamwambia, "mwanamke hasagi meno bure. Amezoea kukaa peke yake. Sasa umerudi, anakusaga wewe!" Na kama vile hilo halikutosha, akalipeleka kwa majirani. Jirani mmoja akaleta dawa ya minyoo. Shoga yangu, kwa kuwa hakutaka ugomvi, akaimeza. Kama minyoo ilikuwepo, ilikufa. Meno yakaendelea na shughuli zao.

Katikati ya hayo Msimamizi wa walinzi, yule aliyekuwa mkubwa wa Tochi kule ghalani, akapiga simu. Vijana aliowaajiri wanalala lindoni. Anamtaka mzee arudi, atampa kiti cha kukalia kwa ajili ya magoti, usiku tu kama zamani. Atakuja mwenyewe nyumbani kabla mwezi haujaisha kusikia jibu. Na Tochi, badala ya kukataa palepale, akasema atafikiria.

Siku aliyoambiwa hayo, Mama Misumari aliingia dukani kwangu bila hodi. Sijawahi kumwona vile. Alikuwa na vumbi la sponji mpaka puani na macho yamemwiva.

"Anafikiria!" alisema. "Nimemgoja mtu huyu tangu nina kiuno cha msichana. Nimelala nikisikiliza mlango miaka yote, nikisikia upepo nadhani ni watu wa ghalani wameniletea habari mbaya. Leo amerudi, halafu anikimbie kwa sababu ya meno? Nani aliyemwambia meno yanasikia ninachotaka?"

"Mwambie hivyo hivyo," nikasema.

"Nimemwambia. Anasema labda nikilala peke yangu nitatulia." Akapiga kaunta yangu kwa kiganja. "Sikiliza. Meno ni yangu, kitanda ni changu, na mume ni wangu. Sitoi hata kimoja. Nipe kipande cha ngozi laini, ile nyembamba."

Nikampa kipande. Nilidhani ni cha kazi. Kumbe shoga yangu alikuwa amekata shauri la kifundi. Kwake yeye, vitu viwili vikisuguana na kupiga kelele, dawa yake inajulikana: unaweka sponji katikati, unavika ngozi, unashona. Hivyo ndivyo anavyotengeneza mikono ya viti. Alikata sponji kwa umbo la meno yake ya chini, akaivika ile ngozi, akashona kingo kwa mkono, kazi safi kabisa, ungeiona ungetamani kukalia. Akaitia mdomoni, akalala, akijiona ameshinda.

Asubuhi nilimsikia anafungua karakana lakini sikusikia salamu. Nikaenda. Alikuwa amejifunga kitambaa kutoka kidevuni mpaka utosini, na alipotaka kunieleza, mdomo ulifunguka upana wa kidole tu. Usiku kucha alikuwa ameitafuna ile sponji kama mtu aliyepewa kitu cha kutafuna. Misuli ya mashavu ilikuwa imekaza mpaka inaonekana. Panja zinamgonga. Tena gego moja lilikuwa limepasuka, na kila hewa ikiligusa anaruka. Akanionyesha kile kitu chake cha ngozi. Kilikuwa kimetoboka upande.

Sitasema uongo, nilitaka kucheka. Nikamtazama machoni, hamu ya kucheka ikaniisha. Nikafunga duka, nikampitia Tochi nyumbani, tukaenda naye hospitali watatu, mimi nikiwa mdomo wake.

Daktari wa meno alikuwa mama mmoja mwenye miwani na mikono midogo, asiye na haraka. Alimkanda mashavu taratibu, akamwekea kitambaa cha moto, akangoja mpaka taya lilipolegea kidogo. Akamulika ndani. Kisha akamwita Tochi asogee aone.

"Unaona magego haya, baba? Juu yamekuwa bapa. Yalitakiwa kuwa na vilima na mabonde. Yamesagika."

"Ni tangu nilipostaafu," Tochi akasema. Sauti ilimtoka kama ya mtu mbele ya hakimu. "Nimerudi nyumbani juzi juzi tu. Ndipo kelele zilipoanza."

"Zilipoanza?" Daktari alimtazama juu ya miwani. "Jino haliishi hivi kwa siku chache. Hii ni kazi ya miaka. Mama huyu amekuwa akisaga zamani sana, ila hakukuwa na mtu wa kumsikia."

Nilimtazama Tochi. Yule mzee aliyekuwa akijitetea kama mtuhumiwa alikuwa amebaki mdomo wazi, na nadhani alikuwa anahesabu usiku wake wote pale ghalani, akilinda magunia ya watu wengine. Alitafuta kiti akakaa.

Nikauliza mimi, maana ndiyo kazi iliyonipeleka: ni minyoo? Daktari akasema minyoo inasingiziwa mengi. Ni kinyongo? Akacheka. Akaeleza kwamba kusaga meno usingizini mara nyingi hakuna chanzo kimoja cha kunyooshea kidole. Mawazo na wasiwasi vinachangia. Chai nzito au kahawa ya jioni inachangia, sigara na pombe vilevile, na dawa fulani fulani. Wengine pumzi inawakatika usingizini, na hao ni lazima waangaliwe zaidi. Akamuuliza Tochi kama mke wake anakoroma au anakata pumzi.

"Hapana," Tochi akajibu, na kwa mara ya kwanza siku ile alijibu kama mtu anayejua kazi yake. "Pumzi yake nimeisikiliza. Inakwenda sawasawa."

"Na mchana? Anabana meno?"

Nikamweleza daktari habari za misumari. Aliacha kuandika. Akamtaka shoga yangu aonyeshe anavyoishika, akaonyesha bila misumari, taya limefungwa kama mlango wa benki. Daktari akatikisa kichwa. Akasema meno ya juu na ya chini hayatakiwi kugusana mchana kutwa. Yakutane wakati wa kutafuna, basi. Midomo ifungwe, meno yaachane, ulimi upumzike. Misuli iliyofundishwa kubana siku nzima, usiku haitajua kulegea. Sponji ndiyo aliisema vibaya zaidi: kitu laini kinaialika misuli kutafuna. Atamtengenezea kinga ya plastiki ngumu, kwa kipimo cha meno yake mwenyewe. Akamng'atisha kitu kama unga uliokandwa ili apate umbo, akaliziba gego lililopasuka. Hakutuahidi uongo. Kinga itayalinda meno yasiendelee kuliwa; kusaga kwenyewe kunaweza kupungua, kunaweza kubaki.

Njiani Tochi alitembea nyuma yetu. Tulipofika karibu na karakana akasema, "Kumbe ni mimi. Miaka yote ile nilikuacha peke yako na hofu zako."

Shoga yangu aligeuka. Taya lilikuwa bado linauma, kila neno alilitoa kwa shida, lakini alilitoa. "Usianze! Jana nilikuwa nasaga kwa sababu umerudi, leo nasaga kwa sababu uliondoka. Daktari kakutaja wewe? Kataja chai, kataja misumari, kataja wasiwasi. Sitaki kulaumiwa na sitaki kuhurumiwa. Nataka ulale kitandani."

Usiku ule Tochi alilala kwenye kochi tena, eti asimsumbue mgonjwa. Nilipoambiwa, nilitamani kwenda kulichana lile kochi.

Mama Misumari yeye alianza kujirekebisha kwa hasira zilezile. Alipasua spika mbovu akatoa sumaku, akaishona ndani ya mkanda wa ngozi, akaifunga kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Misumari ikawa inaganda hapo, mkono unavuta kitambaa na nyundo inaichukua papo hapo. Kasi ikapungua, na akakosea sana mwanzoni. Fundi wa mbao wa upande wa pili, anayemchongea fremu, akaja kumchokoza. "Mama Misumari bila misumari mdomoni! Sasa tukuite nani?"

"Niite jina lolote," akamjibu, "ila lete fremu iliyonyooka, maana ya jana ilikuwa inayumba kuliko wewe siku ya mshahara."

Jamaa akaondoka na ulimi wake. Mimi kazi yangu ilikuwa kugonga ukuta. Nikikumbuka, nagonga, naye kule anajikagua: meno yameachana? Mara nyingi alikuta yamebanana bila habari, hata pale mdomoni hakuna kitu. Alikuwa anatukana, anayaachanisha, anaendelea. Chai ya jioni aliiacha kwa manung'uniko. Usiku alikanda mashavu kwa kitambaa cha moto. Wifi akapita kumwambia anahangaika bure kwa umri wake, akaambiwa kiti kipo, akikaa anyamaze, na akitaka kusema, mlango nao upo.

Kinga ilipokuwa tayari, daktari akamshauri aivae kidogo jioni, azoee kabla ya kulala. Nilikuwa kwao jioni ya kwanza, nimempelekea sampuli za vitambaa vya mteja. Alikuwa ameivaa. Maneno yalikuwa yanatoka yamevimba, kama ana kiazi cha moto mdomoni. Tochi alikuwa anarekebisha bawaba ya kabati. Ndipo hodi ikapigwa, akaingia Msimamizi na kofia yake kwapani.

Akaketi, akasalimia, akaulizia magoti. Akasema kiti kimeshawekwa getini, chenye mto. Wanamngoja yeye tu, hata kesho.

Tochi aliweka bisibisi chini. Aliangalia mikono yake. "Mkubwa," akaanza, "mke wangu anahitaji kupumzika. Mimi nikilala humu ndani simsaidii kitu. Naona labda..."

Shoga yangu akasimama. Nilidhani atatoa ile plastiki kwanza. Hakuitoa. Alikwenda akasimama mbele ya Msimamizi, mikono kiunoni, akasema maneno marefu, na katika maneno yale yote mgeni hakuambulia hata moja. Ilikuwa ni kelele ya mate na hasira. Alipomaliza hakuondoka. Akamgeukia mume wake, akamngoja.

Msimamizi alikohoa. "Mama anasemaje?"

Mimi nilikuwa nimeelewa kila kitu, na ningeweza kumtafsiria kama kule hospitali, lakini nilibana ulimi. Tochi alimtazama mke wake, yale mashavu yaliyovimba, yale macho yasiyoomba.

"Anasema," Tochi akaanza, akasita. "Anasema nimelinda milango ya watu miaka mingi, na wa kwangu haujawahi kuwa na mlinzi. Anasema alikuwa anasaga meno nikiwa sipo, na atasaga nikiwepo, na kati ya hayo mawili amechagua niwepo. Anasema hajawahi kuniomba kitu, na hata sasa haombi. Anasema sitoki."

"Na wewe je, mzee? Unasemaje?"

"Mimi nasema sitoki."

Msimamizi akavaa kofia yake. Alikuwa mtu mstaarabu, akaaga vizuri. Mama Misumari alimfungulia mlango, akaufunga, akaegemea mlango ule kwa mgongo, machozi yakamtoka. Tochi akaenda sebuleni akachukua mto wake pale kwenye kochi, akapita nao mbele yetu mpaka chumbani. Nikakusanya sampuli zangu nikaondoka.

Asubuhi nilimwona Tochi amekaa nje ya karakana, anamngoja mke wake afungue. Sikuweza kujizuia. Nikamuuliza, "Shemeji, amesaga?"

"Amesaga."

"Na wewe umefanyaje?"

"Nimeamka mara moja nikasikiliza," akasema. "Nikajua mke wangu yupo na mimi nipo, nikalala."